Ng'ambo ya Ami Nassor

Tulipokuwa tukitoa vitu vya marehemu Mamdogo Zuhura, baada ya hitima, wenzangu waligombania masinia ya shaba na makochi, mie nikaliomba sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda. Hakuna aliyenikatalia, maana lilikuwa limeliwa na mchwa upande mmoja. Nilipolifungua, harufu ya nafutalini ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka, nikawaambia wenzangu ni nafutalini hiyo. Ndani mlikuwa na kanga mbili ambazo hazijapata kuvaliwa, chupa tupu ya marashi, na kofia moja ya kushonwa kwa mkono, ya uzi mweupe, viua vidogo vidogo vimepangika mpaka juu. Ukiigeuza kwa ndani utaona duara la jasho la kichwa cha mwanamume. Jasho lile si la mwenye kofia. Mwenye kofia hakupata kuivaa hata mara moja, na hicho ndicho kisa ninachotaka kukieleza, nyinyi wa rika langu mtanifahamu bila ya mie kuchimba sana.

Mamdogo alikuwa mdogo wake mama yangu, na alikuwa kaolewa na Ami Nassor, mdogo wake baba. Ndugu wawili walioa ndugu wawili. Hawakujaaliwa mtoto. Ami Nassor alipoondoka, mama alinifungia nguo zangu ndani ya kanga akanileta Kiponda, Mji Mkongwe, kwa mdogo wake, nikamliwaze, na huko ndiko nilikokulia. Nilikuwa mchanga, hata sura ya Ami siikumbuki. Niliambiwa tu kwamba alitoka alasiri moja, kavaa kanzu yake ya kila siku na makubadhi, akasema anakwenda kutazama kama samaki washafika sokoni. Hakurudi na samaki, wala hakurudi mikono mitupu. Miaka ile kila mtaa ulikuwa na watu wake wa namna hiyo, walioondoka bila ya kuaga, na waliobaki walijifunza kutouliza kwa sauti. Ikitokea mtu akauliza, Mamdogo alikuwa na jawabu moja, analitoa huku anatazama kazi iliyomo mkononi mwake.

"Yuko ng'ambo."

Wageni wanaokuja kwetu huwa hawalijui hili, kwa hiyo acha niliseme. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na wakubwa wakilitumia neno hilo kwa nchi za mbali, Maskati, Bombei, Ulaya, popote panapofikiwa kwa meli. Lakini sisi watoto wa Mji Mkongwe tulikuwa na Ng'ambo yetu, na hiyo ni ukivuka Darajani tu. Zamani palikuwa na mkono wa bahari hapo, ukafukiwa, watu wakapita kwa miguu, na jina likabaki palepale. Nilikwenda huko mara kwa mara na Bi Kazija, jirani yetu wa mlango wa kushoto, na muwa alioninunulia Darajani nilikuwa sijaumaliza tulipokuwa tushafika Mlandege. Basi nikawa nnajiuliza, huyu Ami Nassor mtu wa aina gani? Yuko mwendo wa muwa mmoja, na hata Idi haji kutupa mkono.

Nilimchukia kidogo, nasema kweli. Nilimchukia kwa ajili ya Mamdogo, ambaye kila mwisho wa mwezi aliitoa ile kofia, akaifua, akaitia wanga, akaivisha kwenye faruma, kile kigogo cha kukaushia kofia, na kuiweka dirishani isiingie mikunjo. Nikimuuliza ya nani, aliniambia ya Ami yako, nimeimaliza kuishona keshaondoka, akija aikute safi. Na kwa kuwa nilimchukia, nilimtafuta. Kila nikivuka Darajani niliwatazama wanaume usoni, wauza nguo, wachoma mahindi, wapanda baiskeli, mpaka Bi Kazija akanifinya sikio.

"Macho yako hayana haya wewe. Unamtafuta nani?"

"Ami Nassor."

Bi Kazija alikuwa mwanamke wa maneno mengi, hakuna arusi wala matanga yaliyompita. Siku ile aliliachia sikio langu tu, akaninunulia ubuyu ambao sikumuomba.

Halafu ikaja televisheni. Mnakumbuka jinsi tulivyoringa, tuna televisheni, tena ya rangi, na wa bara hawana. Majumbani walikuwa nayo wachache, sisi wengine tukenda kuitazama katika kumbi za mitaa, na ukumbi wetu ulikuwa Ng'ambo. Tulikaa juu ya mikeka, wanawake upande huu na wanaume upande ule, joto jingi, harufu ya mafuta ya nazi na karanga za kukaanga. Msoma habari akitoa salamu, Bi Kazija alikuwa akimwitikia kwa adabu zote na kumuuliza za nyumbani kwake. Akicheka mtu, humjibu kwamba salamu haina mwenyewe.

Ndipo siku moja akapiga hodi Maalim Haji. Alikuwa mwalimu wa skuli, mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, naye alikuwa katunga mchezo wa kuigiza wa televisheni. Alikuwa kamsomesha Mamdogo utotoni na aliikumbuka sauti yake ya kusoma. Alikaa ukingoni mwa kochi akamweleza kisa. Kuna kisiwa kina Jumbe. Katibu wake na mkuu wa walinzi wake wanakula njama kumuua, watamtilia sumu katika kahawa baada ya sala ya Ijumaa. Mke wa Jumbe yuko nyuma ya pazia, kayasikia yote. Anamwambia mumewe, na mumewe hamuamini.

"Na kisiwa hicho hakiko," Maalim alisema, akautazama mlango. "Nasema tena, Zuhura, hakiko. Nimekitunga mwenyewe."

"Nshasikia, Maalim. Hakiko."

"Mke nataka uwe wewe."

Nilidhani atakataa. Mwanamke ambaye mumewe hayupo hakuwa na mambo ya kutazamwa na watu. Lakini Mamdogo akasema, "Nimechoka kukaa, Maalim. Ntakwenda." Bi Kazija alipopata habari alikuja na mdomo wake tayari, wewe mke wa mtu, watu watasema. Mamdogo akamwambia watu wanasema tangu zamani, safari hii angalau watasema huku wananitazama.

Kuanzia hapo, kila alasiri alikoga, akapaka wanja, akajifukiza, akavaa buibui na kutoka. Nikimuuliza anakwenda wapi, aliniambia, "Nnakwenda Ng'ambo." Hebu nanyi niambieni, mtoto afahamu nini hapo? Siku moja nikamwona anaitoa ile kofia kwenye faruma, anaitia katika mkoba. Nikafurahi sana, kwani nilijua kuwa mambo yametengenea. Wamepatana. Anampelekea kofia yake.

Nilimlilia anichukue mpaka akachoka nami. Mazoezi yalikuwa katika ukumbi uleule wa televisheni, mchana mtupu, mikeka imekunjwa, vumbi linaonekana katika mwanga wa madirisha. Na katikati alikuwa amekaa mwanamume mnene wa makamo, kanzu nyeupe, na kichwani kavaa kofia yangu. Nasema yangu kwa kuwa nilikuwa nishavihesabu viua vyake vyote. Mamdogo alimkaribia, akapiga magoti mbele yake.

"Mume wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile anayoniamshia kwa sala, "kahawa ya watu wale usiinywe."

"Zuhura umenuna nini leo?" akasema yule mwanamume. "Sema kwa sauti, kule nyuma hawatasikia."

Kumbe ndiye. Nilimtazama vizuri, mashavu yake, masikio yake yenye nywele, tumbo lake, na chuki yote niliyokuwa nayo ikaniondoka, nikamuona mzuri. Jina lake hasa ni Bwana Kheri, fundi cherehani wa Mlandege, ana mke wake na wanawe, lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilimkalia mkabala, kwenye benchi, nikawa nnangoja anitambue.

Hakunitambua. Walichofanya ni kugombana, yeye na Maalim Haji. Jumbe keshakufa, akasema Maalim, inataka watu waone maiti. Bwana Kheri alale, wamfunike sanda.

"Sanda sivai," akasema Bwana Kheri.

"Ni kitambaa tu, Kheri."

"Mie fundi, kitambaa nnakijua. Sanda haijaribiwi. Nikiivaa safari hii ntavuliwa na nani?"

Maalim alivua miwani akaifuta. "Basi tuache maiti. Zuhura atakaa eda. Watu wetu wakimuona mjane kakaa eda watajua kweli mtu kafa. Usipowaonesha hivyo watatoka hapa wanasema Jumbe kajificha."

Nnajua wapo wasomaji wa mbali, basi nawambia kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe kwetu hukaa eda, miezi minne na siku kumi, haendi kutembea, hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, havai dhahabu. Mtu mwenye kukaa eda keshakubali kuwa mumewe hayupo duniani. Mamdogo aliinuka pale alipokuwa, akajifuta magoti.

"Mchezo ntacheza wote," alisema. "Eda sikai. Mume wangu yu hai."

Bwana Kheri akatazama chini, akaigusa kofia kichwani mwake, nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojua ni ya nani. Mie nilishangaa tu, mbona Mamdogo anagombana juu ya jambo la wazi. Mumewe yu hai, si huyo hapo anatoka jasho.

Siku zikenda, wakarudia na kurudia, na mchezo ukawa hauna mwisho. Maalim akamsihi Mamdogo, akamletea halua, akamleta mpaka mama yangu kutoka shamba aje amseme. Mama alisema, mdogo wangu, ni mchezo. Mamdogo akamjibu, dada, kila siku nnawaambia watu yuko ng'ambo, nikikaa eda mbele ya nchi nzima ntakuwa nimemzika mie mwenyewe kwa mkono wangu, na akirudi kesho ntamwambia nini. Nilimsikia mama akilia jikoni, kidogo, kama mtu anayekata vitunguu.

Nami nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi, karibu na mtungi wa maji, wakaja wawili, katibu na mkuu wa walinzi, wakasimama palepale wanakariri maneno yao kwa sauti ya chini. Ijumaa. Baada ya sala. Atainywa mwenyewe kwa mkono wake, hata hatatuuliza. Walikuwa wakisema huku wanakunywa maji kwa kata, wametulia, na utulivu wao ndio ulionitia hofu. Nilifahamu kwa nini Ami Nassor alikuwa haji kwetu. Kumbe ana maadui huku Ng'ambo, wanamvizia, na Mamdogo anamwambia kila siku naye haamini. Usiku ule sikulala vizuri. Chakula kilinishinda, na Mamdogo alinipaka mafuta ya karafuu tumboni akidhani nina michango.

Ijumaa ikafika. Walikuwa na mazoezi ya mwisho, deli la shaba limeletwa, finjani zimepangwa, na ndani ya deli mna kahawa ya kweli, nilisikia harufu yake na tangawizi yake. Katibu akamimina. Mkuu wa walinzi akaichukua finjani kwa mikono miwili, akampelekea Bwana Kheri. Bwana Kheri akaipokea, akaiinua.

Sikumbuki kuinuka kwenye benchi. Nnakumbuka finjani ikivunjika sakafuni na kahawa ya moto ikiniunguza mguu, na sauti yangu mwenyewe.

"Ami Nassor, usinywe. Wamekutilia sumu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Katibu alicheka mpaka akakaa chini. Mtu akasema mtoto huyu aandikwe katika mchezo. Bwana Kheri hakucheka. Alikuwa mnene na magoti yake mabovu, lakini alijikunja mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nani kakwambia mie Ami Nassor?"

"Kofia," nikasema. "Na uko Ng'ambo."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea ujumbe kutoka kwa mkubwa wake. "Basi sinywi," alisema. "Ahsante, mwanangu." Halafu akamtazama Mamdogo, nami nikamtazama. Alikuwa kasimama pembeni mwa pazia na mkono umeziba mdomo wake.

Tulirudi kwa miguu. Kwa kawaida Mamdogo alikuwa akinishika mkono tukivuka barabara ya Darajani, safari ile alinishika tangu mlango wa ukumbi. Mguu ulikuwa ukiniwaka lakini sikusema. Tulipofika sokoni, penye harufu ya samaki na dagaa, alisimama.

"Yule siye," alisema. "Yule Bwana Kheri. Ni mtu mwema tu."

"Basi Ami yuko Ng'ambo gani?"

"Ng'ambo ya mbali. Ya kuvuka bahari."

"Wapi?"

Nilimtazama kwa chini. Mwaka nenda mwaka rudi jawabu lake lilikuwa moja na halikuwa na kituo. Safari hii midomo yake ilianza kulisema, nikaiona inajipanga, kisha ikaacha.

"Sijui," alisema.

Akarudia, lakini si kwa kunambia mie. "Sijui, mwanangu. Sijui kama yuko." Watu walikuwa wakitupita na vikapu vyao, mmoja akatuambia tuondoke njiani. Mie nilianza kulia kwa sababu ya mguu, na yeye akanibeba, mtoto mkubwa vile, akanipeleka mpaka nyumbani bila kunishusha. Asubuhi yake alimpelekea Maalim Haji neno moja tu kwa mdomo wa Bi Kazija. Ntakaa.

Siku mchezo ulipotoka, wenyewe wachezaji walikuwa studio, wanacheza na huku tunawaona papo hapo. Sisi tulikuwa ukumbini, mie nimekaa mapajani kwa Bi Kazija. Ukumbi ulijaa mpaka madirisha yakashikwa na watu waliosimama nje. Na watu wakaingia katika mchezo mzima mzima. Katibu alipotokea wakamzomea. Mke wa Jumbe alipokuwa nyuma ya pazia, mwanamke mmoja alimwambia asikohoe. Jumbe alipoinua finjani, wanaume wa upande ule wakasema kwa pamoja usinywe, na mie sikusema, kwani nilikuwa nishasema langu na nilijua yule ni Bwana Kheri. Nilijiona mkubwa. Akanywa. Finjani ikaanguka, pazia likashuka.

Lilipopandishwa tena, alikuwa Mamdogo peke yake.

Kakaa juu ya mkeka, kajifunga kanga kuukuu ya rangi iliyopauka, ile ya kupikia, niliitambua. Masikio matupu. Macho hayana wanja, na bila ya wanja uso wake ulikuwa mdogo, uso wa mtu aliyetoka kuugua. Mapajani ilikuwamo kofia. Maalim Haji alikuwa kamuandikia maneno makali ya kuwaapiza wauaji, nilimsikia Mamdogo akiyahifadhi jikoni, nami nikayahifadhi, nikawa nnangoja ayaseme. Hakuyasema. Aliipitisha mikono yake juu ya viua vya kofia, kimoja kimoja, na kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani televisheni imeharibika.

"Hukuniaga," alisema.

Si katika mchezo hilo. Katika mchezo Jumbe alimuaga, tena kwa maneno mazuri, kabla ya kwenda kunywa ile kahawa. Ukumbi mzima ulikuwa umeona. Lakini hapakuwa na mtu aliyesema mbona alimuaga. Aliinamisha kichwa, akalia kilio ambacho nilikuwa sijapata kumsikia akilia, kilio cha sauti, cha mtu aliyekuwa akikingoja. Nyuma yangu mwanamke akaanza, na mwingine, na mwingine, nao kila mmoja alikuwa na wake, mume, kaka, mtoto, walioko ng'ambo. Bi Kazija alijifunika uso kwa buibui lake. Nilisikia machozi yake yananidondokea utosini, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kuwa naye alikuwa na mtu.

Asubuhi yake, kabla hatujanywa chai, mlango ukagongwa. Bi Kazija, na kibaba cha mchele ndani ya kikapu. Alikaa chini, juu ya mkeka, badala ya kiti chake cha siku zote, akasema, "Mungu akupe subira, Zuhura." Mamdogo akamtazama. Nilidhani atasema ule ulikuwa mchezo. Alisema, "Amin." Akaja mwingine na sukari, akaja mwingine na maziwa ya ng'ombe, mpaka adhuhuri chumba kilijaa wanawake waliokaa kama wanavyokaa matangani, wanasema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyelitaja jina la maiti. Hakuna aliyeuliza nani kafa. Mama yangu alikuja kutoka shamba na muhogo, akaingia moja kwa moja jikoni, akapika. Walikuwapo waliosema, sisemi hawakuwapo, kwamba mwanamke yule anamkalia eda mtu aliye hai, na kwamba ni mkosi. Mamdogo aliwasikia. Aliendelea na eda yake, pale nyumbani, miezi minne na siku kumi, bila wanja na bila udi, na kofia akaitia sandukuni, hakuitia wanga tena. Zilipotimia, walewale wanawake wakaja wakamkogesha, wakampaka hina, wakamvisha. Alicheka siku ile kwa kitu alichosema Bi Kazija ambacho sikuruhusiwa kukisikia.

Nilikuwa nishakuwa mwanamwali, nafundisha skuli, alipokuja mgeni. Mzee wa kanzu ya kijivu, anasema Kiswahili cha kwetu lakini kimeanza kuota kutu, katoka Maskati, njia zilipofunguka. Alikaa kochini na fimbo yake, akahangaika na kikohozi, akamwambia Mamdogo habari aliyokuwa kaibeba muda wote huo. Nassor kafariki zamani. Homa ilimshika, hata mwaka haujatimia tangu kuondoka. Walimzika vizuri. Na mpaka anakata roho alikuwa akisikitika jambo moja, kwamba hakumuaga mkewe, maana angemuaga asingeweza kutoka.

Mamdogo alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Mie ndiye niliyekuwa nikilia.

Mgeni akadhani ananyamaza kwa hofu ya yatakayomlazimu, akataka kumtua mzigo. "Na eda isikushughulishe, bibi. Inahesabiwa tangu siku ya mauti. Yako imepita zamani."

"Eda yake nshaikaa," alisema Mamdogo.

Mzee akatoa macho. "Umeikaa? Hata barua hatukuwa na njia ya kuileta. Nani aliyekuletea habari?"

Mamdogo aligeuza kichwa akanitazama, mie mtu mzima na leso yangu puani, kwa muda mrefu, na kwa huruma ambayo nnaikumbuka mpaka leo.

"Huyu," alisema. "Aliniuliza Ami yuko wapi, nikakosa la kumwambia." Kisha akainuka, akaenda jikoni kumchemshia mgeni kahawa.